Ng'ombe Wanangoja Sauti

Siku ambayo Jenipher alitakiwa kusema neno moja tu mbele ya watu, koo lake lilifunga duka.

Lilianza kukwaruza akiwa bado Kigera, kule Musoma mjini, alikofundisha watoto wa chekechea. Darasa zima lilikuwa na mafua. Watoto walimpigia chafya usoni kwa bidii na nidhamu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba walikuwa wameahidiwa alama. Alipofika nyumbani Butiama siku ya Ijumaa, sauti yake ilikuwa imeshuka na kuwa ya mzee mnene. Mama yake, Penina, alisema ni vumbi la njiani. Asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya mahari, alifungua mdomo kumwamkia baba yake, na kilichotoka kilikuwa hewa, kama tairi la baiskeli lililokanyaga mwiba.

"Sema shikamoo vizuri," alisema Wanzagi, baba yake.

Akajaribu tena. Hewa.

"Mnaona?" Wanzagi alimgeukia mkewe. "Huko mjini ndiko wanakojifunzaga haya. Hata salamu anaiona mzigo."

"Baba Jenipher, mtoto anaumwa koo."

"Aumwe kesho. Leo ana kazi."

Na kazi ilikuwa imeshapanda lori kutoka Kabasa, Bunda. Saa nne hivi ikashuka mbele ya lango: ng'ombe wanane, wakifuatwa na mwenye ng'ombe, mzee Machage, mtu wa mashine ya kusaga, mwenye suti iliyokuwa na unga kwenye mishono hata baada ya kufuliwa. Nyuma yake alikuja mwanawe Yusto, bwana harusi mtarajiwa, na mshenga wao Keraryo, ambaye alianza kuongea kabla mguu wake wa pili haujagusa ardhi.

Nyumba ya Wanzagi ilikuwa na sheria yake. Katika nyumba nyingine msichana akiulizwa kama ng'ombe wapokelewe, anaweza kucheka kwa aibu, akajifunika kanga, akakimbilia jikoni, na watu wakahesabu kwamba amekubali. Kwa Wanzagi, hapana. Hapo binti husimama mlangoni, baba huuliza kwa sauti, binti hujibu kwa sauti, na jibu hilo lazima lisikike hadi zizini. Kabla ya hapo hakuna kwato inayovuka lango. Sheria ilitungwa na kulindwa na dada yake Wanzagi, shangazi Jenoveva, mwanamke mfupi mwenye fimbo ndefu. Hakukuwa na mwanamume katika ukoo aliyewahi kuthubutu kumwomba aifanyie marekebisho.

Basi wageni wakaketi, katekista akasali sala ndefu iliyogusa mvua, mifugo na ndoa kwa mpangilio huo, na Jenipher akaitwa mlangoni.

"Jenipher wa Wanzagi," alisema baba yake, kwa sauti ya Jumapili. "Unawaona watu hawa na ng'ombe hizi? Tupokee?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwepo tangu mwaka juzi, siku Yusto alipotembea na pikipiki yake mbovu akiisukuma kutoka stendi hadi shuleni kwake, ili tu amrudishie mwavuli aliousahau. Jenipher alilivuta neno kutoka tumboni, akalipandisha kifuani, likafika kooni, likakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Hewa.

Watu wakangoja. Ng'ombe mmoja alikojoa langoni kwa muda mrefu usio na adabu.

"Amesema ndiyo!" Keraryo aliruka. "Nimeuona mdomo. Umekaa kindiyo."

"Mdomo haukaagi kindiyo," alisema shangazi Jenoveva. "Sijasikia kitu."

Jenipher akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka hereni zikampiga mashavuni.

"Kichwa hakihesabiwi," alisema shangazi. Akainuka, akaegemea fimbo. "Mimi nilipoulizwa, kichwa changu kilikubali. Watu wote walikiona kinakubali, wakapiga vigelegele. Ambacho hawakukiona ni mkono wa mama yangu mdogo uliokuwa umenishika kisogo. Ndiyo maana kwenye nyumba hii tunasikiliza koo. Koo halishikwi na mtu kwa nyuma."

Machage alikohoa. "Basi aandike. Binti ni mwalimu. Mpeni karatasi aandike."

"Karatasi haina koo, mzee mwenzangu."

Hapo ndipo Keraryo alipopata wazo, na ingekuwa afadhali kwa wote kama lingempita. Alipendekeza kwamba, kwa kuwa hewa ilikuwa inatoka, na kwa kuwa ndani ya hewa hiyo huenda palikuwa na neno, kila mkubwa aende akatege sikio lake mwenyewe, kila mmoja akajiridhishe. Hoja ilipokelewa kwa heshima kubwa. Wanzagi alianza, akainama, sikio mdomoni mwa binti yake. Jenipher akanong'ona. Akakohoa. Akafuata Machage, akishika miwani. Akafuata katekista. Akafuata Keraryo, mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa akiongea. Hata shangazi Jenoveva alivuta kiti, akapanda juu yake, akatega sikio, naye akakoholewa sawasawa na wenzake.

"Nimesikia upepo," alitangaza aliposhuka. "Upepo upo hata mlimani. Ng'ombe zibaki nje."

*

Ng'ombe wasiopokelewa hawawezi kuingia zizini, na ng'ombe waliotoka kwa heshima hawawezi kurudi wakaonwa na majirani siku hiyohiyo. Kwa hiyo walipelekwa kwa jirani, Chrispin, wakafungwa kwenye miti yake ya mikaratusi, si wa Machage tena wala si wa Wanzagi bado. Chakula kilikuwa kimeshaiva, na hakuna sheria iliyokataza kula. Jenipher alipewa jagi na beseni awanawishe wageni mikono.

Aligundua kitu cha ajabu. Tangu sauti yake ipotee, watu walikuwa wameamua kwamba na masikio pia yameondoka. Wengine walimpigia kelele. "WEWE! MAJI YA MOTO AU YA BARIDI?" alifoka katekista, akionyesha kwa vidole. Wengine waliongea mbele yake kama unavyoongea mbele ya kabati.

"Mwisho Jumamosi ijayo," Machage alimwambia Keraryo, mikono ikiwa juu ya beseni. "Nikikosa jibu, napakia ng'ombe zangu, narudi Kabasa, na hadithi imeisha. Siwezi kulisha miti ya Chrispin."

"Atasema, mzee. Ni mafua tu."

"Na akishafika kwangu, zile habari za chekechea azisahau. Mama Yusto mgongo umekufa. Mashine inahitaji mtu wa kupima madebe na kukaa na wateja. Yusto nimeshamwambia."

"Amekubali?"

"Akatae ana nini?"

Maji yaliendelea kumiminika. Yalijaza beseni, yakafurika, yakamwagikia viatu vya Machage.

"Mtoto, maji!" alipaza sauti, kisha akamgeukia Keraryo kwa huruma. "Maskini. Hasikii."

Jenipher aliangaza macho kumtafuta Yusto. Alikuwa upande wa pili wa uwanja, akila, akamwona, akampungia kipande cha nyama kwa upendo.

*

Jumatatu Penina alimpeleka bintiye zahanati. Walikaa kwenye benchi na watu ambao walikuwa na magonjwa ya kueleweka: mguu, jino, mtoto anayeharisha. Daktari alikuwa dada mmoja mchovu aliyeitwa Recho, ambaye aliuliza maswali akimtazama Jenipher na kujibiwa na Penina.

"Unasikia maumivu ukimeza?"

"Anasikia kidogo," alisema Penina. "Na jana alikataa supu ya samaki ningu, anayoipendaga sana."

"Kuna mtu mwingine karibu yako aliyekuwa na mafua?"

"Darasa zima. Kuna mmoja anaitwa Happyness, huyo ndiye mkuu wao."

Recho alimulika koo kwa tochi, akapima joto, akasikiliza kifua. "Ni virusi vya mafua, vimeshuka mpaka kwenye kisanduku cha sauti," alisema. "Mle ndani kuna mikunjo miwili ya nyama, midogo. Ukiongea inagongana na kutetemeka, ndiyo sauti yenyewe. Sasa imevimba. Haiwezi kutetemeka, inapitisha hewa tu. Apumzishe sauti, anywe maji mengi, ajifukize mvuke. Itarudi yenyewe, wiki moja, au inaweza kuzidi kidogo. Ikipita wiki tatu mrudi. Na asinong'one."

"Asinong'one?"

"Kunong'ona kunaweza kuichosha zaidi. Akae kimya tu."

Penina alifikiria masikio yote yaliyopanga foleni Jumamosi. "Na dawa? Sindano?"

"Hii haina sindano, mama. Hata antibayotiki haitafanya kitu."

Penina alitoka pale akiwa amedhalilika. Mtu hawezi kupita barabarani kutoka zahanati mikono mitupu, watu wakamwona. Akasimama kwenye kibanda, akanunua pakiti ya pipi za mnanaa, akaziinua juu njia nzima kama dawa.

Nyumbani, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwanamke wa jirani alisema msichana ana mimba na mimba imekaa vibaya. Katekista alisema ni ishara, ila alikuwa bado anasali kujua ni ishara ya nini. Wanzagi alisema, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa na mikwaruzo, kwamba binti anamkomoa. Wote waliyasema haya mbele yake. Jenipher alikaa jikoni, kitambaa kichwani, akijifukizia mvuke wa sufuria, akisikiliza maisha yake yakijadiliwa kama bei ya dagaa.

Jambo lililomsumbua zaidi halikuwa hayo. Alichukua simu, akamwandikia Yusto: *Ni kweli baba yako anataka niache kazi nikae kwenye mashine?*

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. *Pole na koo mpenzi. Kunywa tangawizi.* Na moyo mwekundu.

Akaandika tena: *Umemkubalia?*

*Tutaongea ukipona.* Mioyo mitatu.

Aliitazama ile mioyo muda mrefu. Alikuwa amebakiwa na neno moja la kusema, na sasa hakujua kama bado ni lilelile. Akilifikiria lile neno anaiona pikipiki, mwavuli, na Yusto akitokwa jasho la aibu. Akilifikiria tena anayaona madebe, unga puani, na Happyness na wenzake wakifundishwa na mtu mwingine namna ya kushika penseli. Alimpenda. Alimkasirikia. Alikuwa na njaa. Yote yalikuwa kweli kwa pamoja, na hakuna hata moja aliloweza kulisema.

*

Siku ya Ijumaa kuku aliingia jikoni, akapanda juu ya unga.

"Toka!" alisema Jenipher.

Wote wawili walishtuka. Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu, kama bawaba ya mlango wa godauni, lakini ilikuwa sauti. Penina alikuja mbio kutoka uani, akafungua mdomo ashangilie.

Hewa.

Akashika koo lake. Akamtazama binti yake. Kisha wakatazamana vizuri, na bila neno lolote wakaelewa ule mpango wa Keraryo wa kutega masikio ulikuwa umewaletea nini. Tangu Alhamisi Wanzagi alikuwa akiita ng'ombe wake kwa kupiga beseni. Shangazi Jenoveva alikuwa amelala na shuka shingoni, akiamrisha watu kwa fimbo. Katekista alikuwa ameongoza sala ya jioni kwa ishara, na waumini wawili waliondoka wakidhani wametengwa.

"Mama, usimwambie mtu kwamba nimepona," alisema Jenipher.

Penina aliinua mikono, akimaanisha kwamba hata angetaka, angemwambiaje?

*

Jumamosi Machage alifika na mafla shingoni. Keraryo, mtu aliyewahi kuongea tangu Bunda hadi Butiama bila kurudia sentensi, alishuka garini, akafungua mdomo, akaufunga, na machozi yakamlengalenga. Yusto alikuwa wa mwisho. Naye alikuwa amejifunga kitambaa.

Wakaketi. Salamu zilichukua muda kwa sababu kila mtu alimpungia kila mtu. Hapakuwa na mtu wa kusali kwa sauti, basi wakainamisha vichwa, na ikawa sala fupi kuliko zote zilizowahi kusaliwa pale.

Wanzagi akasimama. Alivaa koti. Alionyesha kidole kwa binti yake mlangoni, akaonyesha kwa ng'ombe kule kwenye mikaratusi, akavuta pumzi ya Jumapili.

Hewa.

Akarudia. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alikuwa baba mwenye binti wa kuozwa, mbele ya wakwe, na hakuweza kuuliza. Aliketi taratibu, akajitazama viatu. Jenipher alimwona baba yake akifungua na kufunga vifungo vya koti, na kwa mara ya kwanza wiki ile alimwonea huruma.

Machage alipiga saa yake kwa kidole: mwisho ni leo. Akaonyesha lori.

"Jamani," alisema Chrispin, aliyekuwa amesimama langoni. Yeye hakutega sikio kwa mtu, kwa hiyo alikuwa mzima wa afya. "Mimi naweza kuuliza. Hizi ng'ombe zimeshakula hadi majani ya mihogo yangu. Niulize tu, tumalize."

Fimbo ya shangazi Jenoveva ilipiga chini mara moja. Maana yake: asiye wa damu haulizi. Chrispin akarudi nyuma.

Kulikuwa na swali lisilo na mdomo, na kwa kadiri walivyojua, jibu nalo halikuwa na mdomo. Machage alianza kuinuka.

"Nitauliza mwenyewe," alisema Jenipher.

Keraryo aliangusha kofia. Yusto alisimama, uso umefunguka kwa furaha, na Jenipher alilazimika kutazama pembeni ili aendelee.

"Jenipher wa Wanzagi," alisema, kwa ile sauti yake ya kutu, na ilisikika hadi kwenye mikaratusi. "Unawaona watu hawa na ng'ombe hawa. Tupokee?"

Aliliacha swali likae. Hakuwahi kuulizwa na mtu ambaye hakuwa amekwishajiandalia jibu.

"Jibu ninalo," alisema. "Wiki iliyopita lilikuwa rahisi. Kisha nikawanawisha watu mikono, na watu wakaongea, kwa sababu walidhani asiye na sauti hana masikio."

Machage aliketi tena. Alitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na alama ya maji.

"Kwa hiyo kabla sijajijibu, kuna mtu namuuliza mimi. Yusto. Nikija Kabasa, nitafundisha, au nitapima madebe kwenye mashine ya baba yako? Sitaki kujua baba anasemaje. Baba nilimsikia."

Yusto alimtazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali, haraka, mara nyingi, kwa kila kitu.

Fimbo ikagonga chini.

Shangazi Jenoveva alikuwa amesimama. Hakumwonyeshea Yusto fimbo. Alimwonyeshea Machage, ambaye alikuwa ameinua mkono na kuuweka begani mwa mwanawe, pengine kwa upendo tu, vidole vikiwa karibu na kisogo.

"Kichwa hakihesabiwi," alisema Jenipher kwa niaba yake.

Yusto akatoa simu mfukoni, akaanza kuandika.

"Na karatasi haina koo. Wala simu. Umeniandikia mioyo ya kutosha."

Akaiweka simu chini. Akavuta pumzi. Jenipher aliona neno likipanda kifuani kwa Yusto, likikaza shingo, likifika mahali palepale lilipokwama la kwake. Hewa ilitoka, na mwishoni mwa hewa hiyo kikohozi kirefu kilichompinda hadi magotini. Alijaribu tena. Akajaribu kunong'ona.

"Usinong'one!" Jenipher alifoka, na wote wakaruka. "Itazidi kuvimba."

Aliingia jikoni. Alirudi na chupa ya tangawizi na kikombe, akammiminia, akamkabidhi. Mikono yao iligusana kwenye kikombe, na hakuna aliyeiondoa mapema.

"Kunywa," alisema, sasa kwa upole. "Kaa kimya. Ukipona utakuja hapa usimame hapo nilipokuwa nimesimama mimi, uniambie, na isikike hadi kwa ng'ombe. Nami nitajibu siku hiyohiyo."

Machage alimtazama Wanzagi, akitaka mwanamume mwenzake amsaidie. Wanzagi akanyanyua mabega: sheria ya nyumba. Shangazi Jenoveva alikuwa tayari amesogea kwenye benchi kumpa kijana nafasi.

Yusto alijitoa chini ya mkono wa baba yake. Alivuka uwanja, akaketi kando ya shangazi, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

"Sasa hizi ng'ombe?" aliuliza Chrispin kutoka langoni. "Nani anazilisha?"

Walimgeukia wote. Hakuna aliyekuwa na sauti ya kumjibu, na yule aliyekuwa nayo alikuwa anamwongezea mgonjwa tangawizi.